Chuma kikigoma ardhini, jirani ndiye hulipa

Katika eneo la Mnazi Mmoja na Kariakoo, bidhaa ghali kuliko zote ni ardhi yenyewe. Vitenge, vyombo, simu na vipuri hupanda na kushuka bei kwa msimu, lakini mwenye fremu inayotazama mtaa hahitaji kumtafuta mpangaji. Mpangaji humfuata mwenyewe, tena akiwa na kilemba mkononi. Ndiyo maana mwenye kiwanja, akishapandisha ghorofa hadi mwisho wa uwezo wake, huanza kutazama chini. Andagraundi moja humpa maduka mengine au stoo ya mizigo juu ya kiwanja kilekile, bila kununua hata hatua moja ya ardhi mpya.

Kwenye karatasi hesabu hiyo inavutia. Tatizo ni kwamba karatasi nyingi za namna hiyo huorodhesha zege, nondo, vigae, umeme na milango, kisha hunyamaza kuhusu kitu kinachotakiwa kuja kabla ya vyote hivyo: ukuta wa kuzuia udongo wa jirani usiporomokee shimoni. Ukuta huo hauonekani jengo likishakamilika, haupangishwi na hauongezi kilemba. Kwa sababu hiyo ndio wa kwanza kukatwa bajeti inapobana, na hukatwa haraka zaidi pale ardhi inapokuwa ngumu.

SOMO LA NOVEMBA 2024

Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayehitaji kukumbushwa asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne lilipoporomoka kwenye makutano ya mitaa ya Mchikichi na Congo likiwa na watu ndani. Shughuli ya uokoaji ilichukua siku kadhaa, na takriban watu 30 walipoteza maisha. Taarifa za wakati huo zilieleza kwamba kazi ya kuchimba sehemu ya chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo na watu kadhaa walifikishwa mahakamani. Nani alikosa nini ni kazi ya mahakama, wala si ya ukurasa wa soko.

Lipo jambo moja la soko, hata hivyo, ambalo halihitaji kusubiri hukumu. Waliokuwa ndani wengi wao walikuwa wauzaji na wanunuzi, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kusoma hatari ile kwenye mkataba wake wa pango. Mpangaji hupewa ukubwa wa fremu, kodi, muda wa kulipa na kiasi cha kilemba. Hapewi habari ya kinachofanyika chini ya miguu yake, wala nyuma ya ukuta wa jirani. Hiyo ni kasoro ya soko, na wenye fedha wanaweza kuanza kuirekebisha wenyewe.

UKUTA UNAOTANGULIA SHIMO

Njia mojawapo inayotumika duniani kote kuzuia udongo kabla ya kuchimba ni mabamba ya chuma, yale ambayo wahandisi huyaita shiti paili. Ni mabamba marefu yaliyokunjwa mithili ya bati la mgongo mpana, kila moja likiwa na mkunjo ubavuni unaoingia ndani ya mkunjo wa mwenzake. Hushindiliwa ardhini moja baada ya jingine hadi yaufunge mpaka wote wa kiwanja. Hapo ndipo uchimbaji unapoanza, ndani ya uzio wa chuma. Tryggve Larssen, mhandisi wa Bremen nchini Ujerumani, ndiye aliyeupa mtindo huu umaarufu mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo mabamba ya umbo la U hutajwa kwa jina lake.

Nguvu ya ukuta huu haiko kwenye sehemu inayoonekana. Iko kwenye urefu uliozama chini ya sakafu ya shimo. Shimo la mita 3.5 lisilo na mihimili ya kuegemeza huhitaji mabamba yaliyozama karibu kiasi hicho hicho au zaidi chini ya sakafu yake, kutegemea udongo. Yasipofika huko, ukuta huinama kuelekea shimoni, na udongo wa jirani huufuata.

Maji nayo yana sehemu yake. Uwanda wa pwani wa Dar es Salaam una tabaka za mchanga na udongo wa mfinyanzi, na maji hayako mbali, hasa kuelekea bonde la Msimbazi. Mabamba yakiwa mafupi, maji hupita chini ya ncha zake na kupanda kwa nguvu ndani ya shimo, mchanga wa sakafu ukaanza kuchemka kama uji. Fundi akikimbilia pampu bila kuziba njia hiyo, anaweza kuvuta maji pamoja na mchanga uliobeba msingi wa nyumba ya pili.

CHUMA KINAPOGOMA

Hadi hapo mambo ni rahisi kueleza. Ugumu huanza bamba linapogonga tabaka lisilopitika: mchanga ulioshikamana, mfinyanzi mkavu, changarawe, matumbawe yaliyogeuka mwamba, au msingi wa zege wa jengo la zamani ambao hakuna aliyeukumbuka.

Wahandisi wana kipimo cha kulitabiri jambo hili kabla ya kununua hata bamba moja. Hutoboa shimo jembamba, kisha huangusha nyundo ya kilo 63.5 kutoka kimo cha milimita 760 na kuhesabu mapigo yanayohitajika kuzamisha bomba la kipimo milimita 300 za mwisho. Mapigo 10 ni udongo uliolegea. Mapigo yakizidi 50, mchanga huo umeshikamana sana na nyundo ya kutetemesha huanza kushindwa. Kipimo hiki hufanywa kila baada ya mita moja au moja na nusu, na matokeo yake huandikwa kwenye ripoti ya udongo. Ripoti hiyo ni gharama ndogo kabisa ikilinganishwa na kazi nzima, lakini ndiyo inayosema kama mabamba yatapita au yatagoma.

Bamba likigoma zipo njia halali za kuendelea. Ya kwanza ni kutoboa kwanza mstari wa mashimo ili kulegeza ardhi, kisha kupitisha bamba humo. Ya pili ni kurusha maji ya shinikizo kwenye ncha. Husaidia kwenye mchanga, lakini karibu na nyumba ya mtu ni hatari kwa sababu maji hayo hayo hulegeza udongo wa jirani. Ya tatu ni kuchagua bamba nene zaidi lenye ncha iliyoimarishwa na kuyashindilia kwa zamu, yaliyo upande na upande yakiongoza mengine, ili ukuta usipinde. Ya nne ni kuachana na mabamba na kujenga ukuta wa nguzo za zege zilizotobolewa bega kwa bega. Kila njia ina bei yake, na zote ni ghali kuliko ile ya tano.

Njia ya tano ndiyo inayoua. Bamba limegoma mita tatu kabla ya kufika, mkandarasi amekwisha lipwa, mwenye jengo anauliza maduka yatafunguliwa lini. Basi sehemu iliyobaki juu hukatwa kwa moto wa gesi ili ukuta uonekane sawa, na uchimbaji huendelea. Kwa mpita njia, ukuta uliofika na ukuta uliokatwa hufanana kabisa. Vitabu vya kazi hii hushauri kusimama pale mapigo 10 ya nyundo yanapozamisha bamba milimita 25 tu, kwa sababu kuendelea hapo huvunja mashine, hukunja ncha ya bamba na kuchana mikunjo inayoshikanisha ukuta. Lakini kusimama maana yake ni kubadili mchoro. Kukata vichwa vya mabamba na kuuacha mchoro kama ulivyokuwa ni kumdanganya kila anayelala au kuuza karibu na shimo hilo.

HESABU YA TANI

Wasomaji wa ukurasa huu wanapenda namba, basi na tuchukue mfano. Kiwanja kina mita 15 kwa 20. Mzunguko wake ni mita 70. Shimo ni la andagraundi moja na mabamba ni ya mita 9. Eneo la ukuta ni mita za mraba 630. Bamba la kawaida la kazi kama hiyo lina uzito wa karibu kilo 110 kwa mita ya mraba. Jumla ni takriban tani 69 za chuma. Kila mwenye kalamu anaweza kuzidisha kwa bei ya tani anayopewa na muagizaji wake. Ukiigawa kwa sakafu ya mita za mraba 300, kila mita moja ya andagraundi imebeba kilo 230 za chuma kabla ya kumwaga zege hata ndoo moja.

Mwekezaji mjanja atasema mabamba hayo yanaweza kung'olewa na kuuzwa au kukodishwa kwa mwingine. Ni kweli, kwenye ardhi laini. Bamba lililoingia kwa upole hutoka likiwa zima na hufanya kazi tena mara kadhaa, kwa hiyo gharama yake halisi kwa mradi mmoja ni kodi tu. Kwenye ardhi ngumu hesabu hiyo huvunjika. Ncha hujikunja, mikunjo huchanika, na chuma kilichokuwa mtaji hugeuka chuma chakavu. Zaidi ya hapo, kung'oa bamba kwenye kiwanja kilichobanana huacha uwazi ardhini na kuitikisa upya nyumba ya jirani, hivyo mara nyingi ni salama zaidi kuliacha lilipo. Anayekopa benki kwa kuhesabu kwamba nusu ya fedha itarudi kwa kuuza mabamba anajidanganya, isipokuwa ameisoma kwanza ripoti ya udongo.

DEBE LIKITIKISWA

Gharama nyingine haimo kwenye kitabu cha mwenye jengo kabisa, kwa kuwa hulipwa na mtu mwingine. Kila muuza nafaka wa Kariakoo anajua kwamba debe likitikiswa nafaka hushuka. Mchanga uliolegea chini ya nyumba hufanya hivyo hivyo. Kadiri ardhi ilivyo ngumu kwenye ncha ya bamba, ndivyo nyundo inavyopigwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, na ndivyo mtikisiko unavyosafiri hadi kwenye mchanga laini ulio juu zaidi chini ya msingi wa jirani. Nyumba hushuka upande mmoja, ukuta ukapasuka, mlango ukakataa kufunga.

Kiwango cha Ujerumani kinachotumiwa na wahandisi wengi duniani kinataja kasi ya mtikisiko ya milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi wa nyumba ya kuishi, na milimita 3 kwa majengo ya kale yaliyo dhaifu, pale mtikisiko unapokuwa wa taratibu. Kariakoo ina ghorofa mpya zilizopakana na nyumba za zamani za Kiswahili na majengo ambayo yameongezewa ghorofa kwa awamu. Kipimo kilichotosha upande huu wa mtaa hakilazimiki kutosha upande wa pili. Aidha, tangu biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo Februari 2025, hoja ya kwamba nyundo itapigwa usiku wakati watu hawapo haina nguvu tena.

Mashine zisizotikisa zipo. Kampuni ya Giken ya Kochi, Japani, ilitengeneza katika miaka ya 1970 mashine inayoshika mabamba yaliyokwisha zama na kuyatumia kama nanga ya kusukumia bamba linalofuata, bila kugonga. Baadaye iliongezewa keekee ya kutoboa mbele ya ncha kwa ajili ya ardhi ngumu. Ni mashine ghali kwa mwenye kiwanja mmoja. Si ghali kwa wenye viwanja sita wa mtaa mmoja wakiamua kuchimba kwa mpango mmoja, na ukuta wa katikati ukawa wa wote badala ya kila mtu kujenga wake.

KÖLN HAIKO MBALI

Pengine yupo atakayeona kwamba haya ni matatizo ya mafundi wa uchochoroni. Machi 3, 2009, katika jiji la Köln, Ujerumani, jengo la kuhifadhia nyaraka za jiji liliporomoka na vijana wawili wa nyumba ya jirani wakafariki. Mbele yake kulikuwa na shimo la reli ya chini ya ardhi lililozungushiwa ukuta wa zege. Uchunguzi ulionyesha kwamba wakati wa kuchimba nafasi ya ukuta huo, mashine iligonga jiwe gumu. Jiwe halikuondolewa ipasavyo, pakabaki pengo, na miaka kadhaa baadaye maji na mchanga vikapita hapo kuingia shimoni. Hasara ilizidi euro bilioni moja.

Nchi yenye wahandisi wengi, mashine za kila aina na sheria kali iliangushwa na kitu kigumu kimoja ardhini ambacho waliokigonga hawakukishughulikia hadi mwisho. Ugumu wa ardhi haukuwa siri kwa mashine wala kwa aliyeiendesha. Ulikuwa siri kwa walioishi juu yake. Kariakoo ijifunze hapo.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo wanaosema masharti zaidi yatamwondoa mwekezaji mdogo Kariakoo na kuwaachia wenye mitaji mikubwa peke yao. Hoja hii ina uzito. Ghorofa nyingi za hapa zilijengwa kwa ubia: mwenye nyumba ya urithi hutoa kiwanja, mwekezaji hutoa fedha, kisha hugawana fremu na ghorofa. Ubia huo umeziinua familia nyingi, na gharama ya ukuta ikiongezwa, sehemu ya mmoja wao lazima ipungue.

Lakini gharama hiyo ipo hata isipoandikwa. Swali ni nani anayeibeba. Mwenye jengo asipoilipa kwa chuma, jirani huilipa kwa nyufa, mpangaji huilipa kwa mali iliyofukiwa, na siku mbaya ikifika familia huilipa kwa msiba. Andagraundi inayoleta faida kwa sababu tu ukuta wake umekatwa haina faida yoyote. Imekopa kutoka kwa jirani bila kumwomba. Kwa viwanja ambavyo ripoti ya udongo inaonyesha kwamba mabamba hayatapita bila kuyatikisa majengo ya pembeni, na nguzo za kutoboa hazilipi, jibu la kibiashara ni moja: usichimbe. Stoo inaweza kukodishwa nje ya katikati ya mji na mizigo ikaletwa kwa zamu.

WENYE FEDHA WAULIZE

Bodi za usajili wa makandarasi, wahandisi, na wabunifu majengo zipo, na halmashauri ya jiji ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi. Kazi yao ibaki kwao. Lakini mkaguzi hufika kwa siku, fedha ziko eneo la kazi kila siku, na Kariakoo fedha nyingi za ujenzi hutoka kwa wafanyabiashara wanaolipa kilemba na kodi ya mbele kabla jengo halijaisha. Hao wana nguvu ambayo hawajaitumia.

Mfanyabiashara anayeombwa kilemba cha fremu ya andagraundi aombe kwanza ripoti ya udongo ya kiwanja hicho, si ya kiwanja cha mtaa wa tatu. Aulize ukuta ni wa aina gani, mchoro unataka ufike kina gani, na umefika kina gani. Mkandarasi makini huandika daftari la kila bamba: lilianza lini, lilizama mita ngapi, lilichukua mapigo au dakika ngapi, na liligoma wapi. Daftari lisipokuwepo, fedha zisitoke. Likiwepo na likaonyesha mabamba yaliyogoma, aombe barua ya mhandisi aliyesajiliwa inayoeleza mchoro umebadilishwa vipi.

Malipo nayo yagawanywe. Sehemu itoke ukuta ukikamilika, nyingine sakafu ya chini ikishamwagwa zege, iliyobaki jengo likikabidhiwa. Mkandarasi asiyelipwa yote mapema hana sababu ya kukimbilia moto wa gesi.

Mwenye nyumba iliyopakana na shimo apige picha za kuta zake zote, pamoja na nyufa za zamani, kabla nyundo ya kwanza haijalia, na nakala zisainiwe na pande zote mbili. Bila hivyo, kila ufa mpya utaitwa wa zamani. Sheria ya bima ilivyorekebishwa mwaka 2022 imeyataja majengo ya biashara miongoni mwa vitu vinavyopaswa kukatiwa bima. Lakini mwenye duka asiamini kwamba bima ya jengo inalinda bidhaa zake. Asome karatasi yake, na kama jirani anachimba, amjulishe wakala wake kwa maandishi.

Benki na vyama vya akiba na mikopo vinavyokopesha kwa dhamana ya fremu navyo viulize maswali hayo hayo. Hati ya jengo lililopakana na shimo lisilo na ukuta ni dhamana inayoweza kupungua thamani kwa asubuhi moja.

Mahitaji ya nafasi Kariakoo hayataisha, na ardhi yake haitalainika kwa sababu mwenye kiwanja ana haraka. Kinachoweza kubadilika ni swali la kwanza linaloulizwa mezani. Hadi leo limekuwa: fremu ngapi? Kwa anayetaka mtaji wake uwepo mwakani, na yeye mwenyewe awepo kuuhesabu, swali la kwanza liwe: ukuta umefika wapi?